Kuagwa kwa Enock Sanga, kwa Mara ya Nne

Ndugu waungwana wa Minneapolis na Saint Paul, pamoja nanyi mliojichimbia Savage na Lakeville mkidai nako ni mjini: mnatangaziwa kwa heshima na taadhima kwamba Ndugu Enock Sanga, mwana wa Makete, bingwa wa mashuka, mkunjaji mkuu wa foronya, mtu ambaye hajapata kukalia kiti cha nchi hii mpaka kikashika joto, ataiaga Minnesota Jumamosi hii mchana. Wenye machozi waje nayo. Wenye sufuria zake wabaki nazo. Na wale ambao ndimi zinawawasha kuuliza "Tena?" wanaombwa kuzikunja, kwa kuwa safari hii tiketi imeonekana kwa macho.

Hivyo ndivyo Mzee Francis alivyotangaza, au tuseme hivyo ndivyo tangazo lilivyosikika masikioni mwa Enock mwenyewe, aliyekuwa amekaa kiti cha mwisho kabisa, karibu na mlango, koti mwilini. Ilikuwa Jumapili ya Januari, katika chumba cha chini cha kanisa la Walutheri. Wenyewe husali asubuhi, kisha huwaachia Waafrika jengo mchana, likiwa bado linanukia kahawa yao nyepesi kama maji ya kusuuzia vikombe. Mzee Francis, mzee wa kanisa na msemaji wa shughuli zote, harusi hata misiba, alishusha miwani puani akangoja makofi.

"Tena?" likasema kanisa zima.

Hawakuwa na kosa. Enock alikwisha kuagwa mara tatu. Mara ya kwanza alichomwa mbuzi kule Lakeville, moshi ukapanda mpaka jirani akawaita zimamoto, na zimamoto wakapewa mbavu. Enock alilia, akakumbatia watu, akawasamehe hata wasiomkosea. Jumatatu yake alionekana kituo cha basi, chakula chake cha mchana kwapani. "Nimeahirisha," alisema. Mara ya pili kwaya ilimtungia wimbo. Mara ya tatu Peris alioka keki kubwa iliyoandikwa KWAHERI ENOCK, na mwenye keki akabadili nia kisu kikiwa katikati. Walikula KWAHERI. Kipande cha ENOCK kikarudi kwenye friza.

Huyo Peris, au Mama Fiona, alikuwa Mkenya, mhudumu katika nyumba ya kutunzia wazee, na kwa uteuzi wake mwenyewe mkuu wa mipango ya maisha ya kila mtu. Baada ya ibada alimzuia Enock mlangoni, mahali ambapo daima ungempata.

"Enock, baba, nikitoa ile keki kwa friza, utaenda kweli? Maana ikishayeyuka hairudi."

"Itoe, Mama Fiona. Ninaondoka."

"Utaenda ama utaahirisha?"

"Tiketi ninayo."

"Hata mimi hankachifu ninayo na silii."

Enock alishika kitasa. Kichwani alikuwa amekwisha kutoka, yuko kituoni, anarukaruka kwenye theluji kwa mguu huu na ule. Ndivyo alivyokuwa. Ukimkaribisha kwako alikaa kwenye ncha ya kochi kama aliyekuja kuulizia njia. Ukimwambia avue koti alisema, "Sikai sana," na akakaa mpaka watoto wakalala. Sanduku lake lilisimama kando ya kitanda tangu alipofika, limejaa, limefungwa, na kila asubuhi alilifungua akachomoa shati, kila Jumamosi akarudisha shati lile lile limepigwa pasi. Kabati la nguo alikuwa nalo. Alitunzia viazi.

"Wewe huishi hapa, mazee," Kiprop, waliyepanga naye nyumba moja, alizoea kumwambia. "Wewe uko steji tu, unangoja gari."

Kazi nayo haikumsaidia kutulia. Alikuwa amekuja kusoma chuo, akasoma mpaka masomo yakamchoka, akaingia kazi ya kufua mashuka kwenye dobi ya hoteli moja kule Bloomington, karibu na uwanja wa ndege. Dobi ilikuwa chini ya ardhi, haina dirisha. Lakini ndege zilipita juu kwa juu, na kila iliyopita ilitikisa vifuniko vya mashine za kukaushia, ka-ka-ka-ka, kama meno ya mtu mwenye homa. Wenzake hawakuzisikia tena. Enock alizisikia zote. Akiwa ameshika shuka huku na mwenzake kule, ndege ikipita alisimama, shingo juu, akiitazama dari kana kwamba ina nyota.

"Hiyo inakwenda wapi?" alimuuliza Lois siku moja.

Lois alikuwa msimamizi wao, bibi wa Kiminnesota mwenye nywele nyeupe kama taulo mpya. Alisikiliza kidogo. "Fargo," alisema, akitaja mji wa jirani tu. "Shuka, Enock."

Kwa Lois ndiko Enock alikojifunza watu wa nchi hii, na maajabu aliyoyaona aliyapeleka kwa Kiprop jioni kama mtu anayerudi na mawindo. Kwamba wanakuuliza habari yako huku wanapita, na ukigeuka uwajibu unakutana na mgongo. Kwamba wanapaki magari juu ya ziwa lililoganda, wanajenga kibanda pale katikati, wanatoboa shimo sakafuni, wanakaa na chupa kungoja samaki, na hayo ndiyo mapumziko. Kwamba mjini wamejenga vichochoro vya vioo kutoka ghorofa hadi ghorofa juu ya barabara, hivyo mtu aweza kwenda benki, kinyozi na kwa mchumba bila kuonana na hewa. Kwamba hawasemi chakula ni kibaya. Wanasema ni tofauti. Na kwamba pua ikikatika kwa baridi wanasema leo si mbaya sana.

"Si mbaya sana!" Enock alipiga kelele. "Mimi natoka Makete, Kiprop. Kwetu viazi vinaungua kwa jalidi. Nilipokuja hapa nilijitapa kwamba baridi naijua. Siijui! Ile ya kwetu ilikuwa salamu tu!"

Kitu kimoja alikipenda. Mmarekani wa huku akitaka kuondoka kwako huyapiga magoti yake kwa viganja, paa, akasema, "Haya basi." Ungedhani anakwenda. Haendi. Ananyanyuka anazungumza, anavuka sebule anazungumza, anashika kitasa anazungumza, mwenye nyumba anamsindikiza garini nako wanazungumza, dirisha la gari likiwa wazi na mdomo umeganda. Hapo Enock alijiona nyumbani. Kwao nako mgeni husindikizwa mpaka kwenye njia panda, na mwenye adabu zaidi humsindikiza aliyemsindikiza. Lois alipokuja siku moja kuwatembelea, akayapiga magoti yake na kusema haya basi, Enock alimsindikiza mpaka kwenye gari, na kwa kuwa Lois aliendelea kuzungumza, akaingia, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kunyamaza, alifika naye Burnsville. Kiprop ilibidi aende kumchukua.

Kwa nini, basi, mtu huyu akanunua tiketi ya kweli?

Chanzo kilikuwa simu. Mama yake alisafiri kutoka Makete hadi Njombe kwa miadi, akakaa dukani kwa mjomba kungoja simu ya mwanawe. Enock alipiga akiwa ametoka kazini, kichwa kimejaa mvuke.

"U hali gani, mwanangu?"

"Si mbaya sana, mama."

 

"Unaumwa nini?" mama akauliza, sauti imeshuka.

"Siumwi, mama."

"Mtu akiulizwa hali husema njema, hata kama kalazwa. Wewe unaniambia si mbaya sana. Imebaki kidogo iwe mbaya?"

"Mama, huku ndivyo wanavyo..."

"Mjomba wako yuko hapa. Mwambie yeye ukweli, mimi nimeishiwa nguvu."

Kabla wiki haijaisha habari ilikuwa imezunguka Makete yote kwamba Enock wa Amerika yu hoi kitandani, na shangazi mmoja aliyekuwa hajampenda tangu utotoni alikuwa amemsamehe.

Kiprop alicheka mpaka akajishika ukuta. Enock hakucheka. Alikaa juu ya sanduku lake akaanza kujikagua kama mtu aliyeambiwa upele umeingia mtaani. Juzi, akitoka kwa Peris, alipiga magoti kwa viganja. Peris alipounguza githeri, yale mahindi na maharage ya kwao, yeye alisema ni tofauti. Machi iliyopita theluji ilipoanza kuyeyuka alisimama nje ya duka, kifua wazi, akila aiskrimu, na akaona ni sawa.

"Kumbe mtu anaweza kulala kando ya sanduku na bado akaota mizizi," alisema.

"Sasa shida ni gani? Kaa. Si unaishi vizuri?"

"Hujanielewa. Nimengoja kuondoka muda wote huu nikijua nitakayeondoka ni mimi. Nikikawia tena, atakayeshuka kule kwenye ndege atakuwa mwingine. Mama atampokea mtu anayesema si mbaya sana. Ataniuliza, we nani?"

Kiprop aliacha kucheka. Kesho yake Enock alinunua tiketi. Akamwambia Lois. Lois aliendelea kukunja taulo hadi rundo likafika kidevuni, kisha akasema, "Naam. Hiyo ni tofauti," na Enock akajua kwamba amehuzunika.

Akagawa mali. Sufuria na kikaango kwa Peris. Kitanda, televisheni na viazi kwa Kiprop. Lililokuwa gumu ni koti. Lilikuwa koti kubwa la rangi ya machungwa, kofia yake ina manyoya, alilolinunua kwenye mnada wa uani kwa mzee aliyekuwa mvuvi wa barafu. Lilikuwa na joto kama kitoto cha ng'ombe, na kwenye nyumba yenye moto lilitoa harufu ya samaki ya miaka mingi. Kwa adabu za kwao, kitu kizuri kuliko vyote hupewa mkubwa kuliko wote. Akampa Mzee Francis.

"Sasa nimeamini unaenda," alisema Peris. "Mtu haachi koti Januari kwa mchezo."

Jumamosi ikafika na baridi ya kupasua chupa. Walikwenda kwa gari la hoteli la kupeleka wageni uwanjani, ambalo Kiprop ndiye dereva wake, na ambalo siku hiyo aliliazima bila kuwasumbua wenye hoteli kwa kuwaomba ruhusa. Nyuma yao magari mengine manne, taa zimewashwa, kama msafara wa mbunge aliyepita bila kupingwa. Enock alivaa kwa ajili ya Dar es Salaam: suti nyembamba na shati jeupe. Kutoka mlango wa gari mpaka mlango wa jengo ni hatua chache tu, lakini masikio yalilia. Akayapuuza. Sanduku likapimwa, likabandikwa karatasi, likaingia kwenye mkanda na kumezwa na mapazia ya mpira. Enock alilitazama likienda. Kwa mara ya kwanza limemtangulia.

Zama hizo msafiri alisindikizwa mpaka kwenye mdomo wa ndege, mradi wasindikizaji wasibebe panga. Kundi zima likaenda, kwaya, watoto, chupa za chai, chapati kwenye kitambaa. Lois alikuwa amekwisha kufika, kajisimamia pembeni na trei ya biskuti za shayiri alizooka, akisema hataki kuwa kikwazo. Wakapanga viti duara mbele ya mlango wa kupandia. Abiria wengine wakasogea wenyewe, wakatabasamu kwa adabu, mmoja akapewa chapati. Keki ikatoka. ENOCK alikuwa ameyeyuka juu lakini katikati bado mgumu, na kisu kiligoma.

"Si nilisema?" Peris akamnong'oneza Lois. "Hata keki inaahirisha."

Wakaanza hotuba. Alizungumza mwakilishi wa kwaya. Akazungumza mwakilishi wa akina mama, yaani Peris. Akazungumza Kiprop kwa niaba ya vijana, ingawa upara ulikwisha kuanza, akasema, "Huyu jamaa alikuwa anatembea usiku ndani ya nyumba kama askari wa lindo. Sasa nitalala, lakini sijui kama nitapata usingizi." Akakaa ghafla. Lois alipoombwa neno alisema Enock alikuwa mkunjaji mzuri. Kwa Lois hiyo ilikuwa hotuba.

Abiria walikuwa wamepanda karibu wote. Enock alikuwa amesimama, mguu mmoja umeelekea mlangoni, mkono kwenye tiketi.

"Basi, ndugu zangu," alisema Mzee Francis, akinyanyuka ndani ya koti la machungwa, na harufu ya samaki ikanyanyuka naye, "hatuwezi kumwachia mwenzetu aende hivi hivi. Tuinamishe vichwa. Nitaomba kwa ufupi."

Waliomfahamu walikaa vizuri.

Mzee Francis alianza na Abrahamu kutoka Uru. Akamfikisha Kanaani. Akamshusha Yakobo Misri, akamtoa Musa, akawavusha bahari, na jangwani hakuruka kituo hata kimoja. Alipofika kwa Yona na tufani, Kiprop alikohoa, maana si safari ya kumkumbusha Mungu mtu anapopanda ndege. Mzee akakohoa naye, akaendelea.

Kipaza sauti kikalia. Abiria Sanga. Enock Sanga.

"Naam, Bwana!" Mzee Francis akapaza sauti. "Hata sasa jina lake linaitwa! Kama ulivyomwita kijana Samweli hekaluni, ulimwita mara ya kwanza..."

Abiria Enock Sanga, tafadhali.

"...ukamwita mara ya pili, Bwana, naye hakutambua ni nani anayemwita..."

"Amina," alisema Kiprop kwa nguvu, akijaribu kufunga. Lakini kanisa likadhani ni bashasha, likaitikia "Amina!" na mzee akapata upepo mpya.

Enock alikuwa amefumbua macho. Aliona yote. Alimwona binti wa shirika akitoka mlangoni na kitambaa chake cha buluu shingoni na kucha zake nyekundu, akija kwa haraka, kisha akiona vichwa vilivyoinama, akipunguza mwendo, akisimama, akikunja mikono mbele na kuinamisha kichwa chake naye. Alimwona Lois akifungua jicho moja, akiitazama saa ya ukutani, akimtazama mzee, mdomo ukifunguka na kufungika kama samaki wa kwenye shimo la barafu. Mwanamke wa Minnesota atazama majini akisema samahani, lakini hatamkatiza mtu anayesali. Na wana wa Makete hawatoki mbele ya mzee anayewaombea; baraka ya nusu ni mbaya kuliko laana kamili.

Hatua tano tu. Angeweza kuzipiga kimyakimya. Aliiambia miguu yake. Miguu ile isiyotulia kazini, isiyotulia kanisani, iliyozunguka sebule usiku mpaka Kiprop akaweka pamba masikioni, ilisimama pale kwenye zulia kama imepigiliwa misumari. Enock aliitazama kwa mshangao, kama mtu anayetazama viatu vya mwenzake.

Binti wa shirika alisubiri alivyoweza. Kisha akarudi kwa ncha za vidole, akauvuta mlango polepole kabisa, kama unavyofunga chumba chenye mtoto aliyelala.

"...na wote waseme."

"Amina!"

Watu wakafumbua macho, wakafuta machozi, wakamrukia Enock kumkumbatia. Enock akaonyesha kwa kidevu. Nje ya kioo kikubwa ndege ilikuwa inarudi nyuma, taratibu, pua yake ikiwatazama.

"Mazee," alisema Kiprop, "ile si ndege yako?"

"Ndiyo yangu."

"Na sanduku?"

"Sanduku limewahi."

Binti alikuja, uso umemwiva. "Samahani sana. Sikutaka kuwakatiza. Ilikuwa sala nzuri mno." Akasema atamtafutia nafasi nyingine, labda wiki ijayo, labda ile nyingine, akatoroka.

Peris aligeuka kama mlango wa tanuri. "Mzee, ulikuwa unaiombea safari ama unaizuia? Kwa nini ukamwita Samweli? Samweli alikuwa anapanda ndege gani?"

"Mama Fiona, maombi hayapimwi kwa saa."

"Ndege inapimwa kwa saa! Huyu hana kazi, hana kitanda, hana sufuria, na keki ndiyo hiyo imeyeyuka!"

"Kazi ipo," alisema Lois kwa sauti ndogo, Kiprop alipomnong'oneza tafsiri. Kiprop akawatafsiria wengine Kiingereza chake, ingawa hawakuhitaji. "Sijamtafuta mtu bado. Nilikuwa naahirisha." Akamsogezea Enock trei ya biskuti bila kumtazama usoni.

Enock alichukua moja. Kule nje theluji ilikuwa imeanza tena, imelala ubavu kwa upepo, na ndege ikainama, ikanyanyuka, ikaingia wingu. Alingoja ka-ka-ka-ka ya mashine. Huku juu, mbali na dobi, haikusikika hata kidogo. Alifikiri juu ya mama yake akienda Njombe, safari hii kuambiwa kwamba mwanawe haumwi, hajafa, hajafika. Alifikiri juu ya sanduku likizunguka peke yake kwenye mkanda wa Dar es Salaam, na wabeba mizigo wakiuliza ni la nani. Kisha akajikuta ameketi. Ameketi hasa, mgongo umegusa kiti.

Mzee Francis aliliona hilo akalichukua kama ishara. Alikohoa, akavuta zipu ya koti mpaka kidevuni, akainua mkono mmoja. Hata abiria wa mlango wa pili waligeuka.

"Ndugu zangu, tusimlaumu mtu. Leo tumeona kwa macho yetu. Mara ya kwanza ilikuwa mbuzi, mara ya pili ilikuwa wimbo, mara ya tatu ilikuwa keki, na mara ya nne mlango umefungwa na mkono usioonekana..."

"Tumeuona," alisema Peris. "Una kucha nyekundu."

"...mkono usioonekana, kutwambia kwamba huyu si msafiri tena. Huyu ni nguzo! Enock Sanga, kuanzia siku ya leo, jamii yote ya Waafrika Mashariki wa miji hii miwili inakutangaza mwenyeji, mtu wa hapa, na mwenyekiti wa kamati ya kuwaaga wasafiri, kwa kuwa hakuna aliye na uzoefu kukushinda. Mwanangu, simama. Watu wako wanakungoja. Useme neno litakalobaki mioyoni mwetu."

Kwaya ikasogea karibu. Kiprop akavua kofia. Lois, ambaye hakuelewa hata neno moja, alitoa leso.

Enock alisimama katika suti yake nyembamba, akautazama mlango wa kutokea kuelekea kwenye maegesho, akamtazama mzee.

"Nirudishie koti langu."